Chakula Kikishaliwa Bado Hakijaingia Mwilini

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu safari ya chakula ndani yetu, na kuna jambo moja ambalo ningependa ubaki nalo tutakapoagana: chakula kikishaliwa bado hakijaingia mwilini.

Tuanzie Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayovuna mahindi, maharage na viazi kwa wingi, na magunia yake hushushwa masokoni hadi Dar es Salaam. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulipopima watoto walio chini ya umri wa miaka 5, ulikuta asilimia 30 ya watoto wa nchi nzima wamedumaa, na mkoa ulioongoza ni Iringa, kwa zaidi ya nusu ya watoto wake. Njombe na Rukwa iliufuata, kila mmoja karibu nusu. Sababu zake ni nyingi. Kuna mlo wa aina moja asubuhi hadi jioni, kuna mama anayeshinda shambani mtoto akibaki na uji wa jana, kuna maji machafu na maradhi ya mara kwa mara. Hata hivyo takwimu hizo zinatufundisha kitu ambacho hatukizingatii vya kutosha. Ghala linaweza kujaa, sufuria ikajaa, tumbo la mtoto nalo likajaa, na bado mwili wake ukabaki na njaa.

Inawezekanaje? Ni kwa sababu kutoka mdomoni hadi njia ya haja kubwa ni mrija mmoja tu, wenye urefu wa mita 8 au 9 kwa mtu mzima, uliofunguka pande zote mbili. Kilichomo ndani ya mrija huo kinapita katikati yetu, lakini hakijawa chetu. Ushahidi wake kila mzazi anaujua: mtoto akimeza punje ya hindi bila kuitafuna, kesho yake unaiona ile ile, nzima. Imepita katikati yake kutwa na kucha, na hajapata kitu. Chakula huingia mwilini pale tu kinapovuka ukuta wa mrija na kufika kwenye damu. Na ili kivuke, sharti kwanza kivunjwevunjwe mpaka kiwe kidogo kiasi cha kupita kwenye milango isiyoonekana kwa macho.

Basi chukua sahani ya kawaida ya nyumbani: ugali, maharage, dagaa, na mchicha uliokaangwa kwa mafuta na kitunguu. Tuifuate.

Kazi ya kwanza ni ya meno. Hakuna kiungo kingine huko mbele chenye meno, kwa hiyo tonge lisilotafunwa linapeleka shida yake kwa wengine. Wakati huo huo mate yanamwagika. Kwa siku moja mtu mzima hutoa lita moja hadi lita moja na nusu ya mate, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachoanza kuukata wanga. Ndiyo maana ukitafuna ugali mkavu kwa muda mrefu, utamu huanza kusikika ulimini. Ni wanga unaogeuka kuwa sukari ungali mdomoni.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya walezi. Kimeng'enya hicho hakimo kwenye mate peke yake. Kimo pia katika nafaka iliyooteshwa, ule unga wa kimea ambao bibi zetu waliujua. Chemsha uji wa mahindi au wa ulezi uwe mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Mbele ya macho yako uji mzito unalainika na kuteremka. Hujaongeza maji hata tone. Kimea kimeanza kuukata wanga kabla haujafika kwa mtoto. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980, na faida yake ni kubwa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukimpa uji mwepesi uliojaa maji, anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Kwa kimea, bakuli lile lile dogo linabeba unga mwingi zaidi, na mtoto anaweza kuunywa. Kitu kimoja cha kuangalia: ukishatia kimea, urudishe uji motoni uchemke tena, kwa sababu nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu kwa urahisi.

Tonge linamezwa. Kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa, na chakula kinaingia kwenye umio, mrija wa sentimita 25 hivi. Hakidondoki chini kwa uzito wake. Misuli ya umio inabana nyuma yake na kulegea mbele yake, wimbi baada ya wimbi, na kwa sekunde 10 hivi kimefika. Hata mtu aliyelala chali humeza vizuri kwa sababu ya mawimbi hayo, na mawimbi ya namna hiyo ndiyo yatakayokisukuma chakula hadi mwisho wa safari.

Sasa tumbo lenyewe, mfuko wa misuli unaokanda chakula kwa saa 2 hadi 4. Humo mna asidi kali, inayoua vijidudu vingi vilivyoletwa na chakula na kuzilegeza protini za maharage na dagaa. Kimeng'enya kiitwacho pepsini kinaanza kuzikata. Ute mzito unaofunika ukuta wa ndani ndio unaolilinda tumbo lisijimeng'enye lenyewe. Tumbo linafanya kazi muhimu, na kila mtu analitaja: naumwa tumbo, tumbo limejaa, tumbo linauma njaa. Lakini kiasi cha chakula kinachovuka ukuta kutoka tumboni kwenda kwenye damu ni kidogo mno. Wapo watu ambao tumbo lao limeondolewa lote kwa sababu ya saratani, na wanaishi, wakila kidogo kidogo na kuchomwa sindano za vitamini B12. Kwa mtu aliyepoteza utumbo wake mwembamba wote, hali haiko hivyo. Atalishwa kwa dripu ndani ya mshipa, au ataishi kwa kupandikizwa utumbo wa mtu mwingine. Mlango halisi wa mwili ni utumbo mwembamba, na huko ndiko tunakoelekea.

Chakula kinafika kwenye utumbo mwembamba kikiwa rojo chachu, na kinaingia kwa vipimo, kidogo kidogo. Papo hapo viungo viwili vinajibu. Kongosho humimina maji yenye magadi ya kuzima asidi, pamoja na vimeng'enya vya kila aina: vya wanga, vya protini na vya mafuta. Mfuko wa nyongo nao unajikamua na kuleta nyongo iliyotengenezwa na ini. Mafuta ya mchicha wetu yalikuwa yakielea kwa matone makubwa. Chumvi za nyongo zinayagawa yawe matone madogo sana, ili vimeng'enya viyafikie pande zote.

Protini ya maharage ni mnyororo mrefu, kama mkufu wa shanga za rangi ishirini. Vimeng'enya vinakata uzi, shanga zinamwagika moja moja au mbili mbili, na ni hizo shanga, yaani asidi amino, ndizo zinazovuka ukuta. Upande wa pili mwili unazitunga upya kwa mpango wake: misuli ya mguu, nywele, kinga dhidi ya surua. Hakuna protini ya maharage inayobaki kuwa ya maharage. Wanga wa ugali nao unakatwa hadi kuwa glukosi. Mafuta yanakuwa asidi za mafuta. Hapo ndipo kazi ya kuvunja inapokamilika, na kazi ya kufyonza inaanza.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba si laini. Umekunjwa mikunjo, na juu ya mikunjo kumeota vijidole vidogo sana, kila kimoja hakizidi milimita moja, mamilioni kwa mamilioni. Juu ya kila kijidole kuna seli, na kila seli ina vinyweleo vyake vinavyoonekana kwa hadubini tu. Ukiyakunjua yote hayo, unapata eneo la mita za mraba 30 hivi, ndani ya fumbatio la mtu mmoja. Kila kijidole kina mishipa myembamba ya damu, na katikati yake kina mshipa wa limfu. Glukosi na asidi amino huingia kwenye damu na kwenda moja kwa moja kwenye ini, ambako hupangiwa: hiki kitumike sasa, hiki kiwekwe akiba. Mafuta hupita njia ya limfu, huzunguka kifuani na kuingia kwenye damu karibu na moyo.

Seli hizo zina maisha mafupi. Kila baada ya siku 3 hadi 5 zinakuwa zimechakaa na kubanduka, na nyingine zimezaliwa chini ya vijidole na kupanda juu. Wiki hii utando wa utumbo wako si ule wa wiki iliyopita. Ujenzi huo wa kila siku unahitaji chakula, unahitaji madini ya zinki, na unahitaji kuachwa bila kushambuliwa na vijidudu. Naomba ulishike hilo, maana linatupeleka kwenye sehemu ya mazungumzo haya ninayoiona kuwa nzito kuliko zote.

Kila siku utumbo hupokea takriban lita 9 za maji. Lita 2 hivi ni zile tulizokula na kunywa. Lita 7 zilizobaki mwili umezimimina wenyewe: mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo. Karibu zote hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Yanayotoka na haja kubwa hayafiki robo lita. Sasa fikiria sumu ya kipindupindu imeingia. Inazilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi na maji bila kukoma, na mgonjwa aliye mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Damu inakuwa nzito, figo zinasimama, na mtu aliyeamka mzima anaweza kufa kabla ya jua kutua. Pwani yetu inaujua ugonjwa huu tangu zamani. Daktari James Christie, aliyeishi Zanzibar wakati kipindupindu kilipoua maelfu mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya milipuko yake Afrika Mashariki, kikachapishwa London mwaka 1876.

Kwa muda mrefu waganga wengi walidhani dawa ya kuhara ni kuupumzisha utumbo: asile, asinywe, maji yanayoingia juu yanatoka chini. Dhana hiyo bado inaishi kwenye nyumba zetu. Utasikia mtu mzima anasema, mnyime maji, mwanangu, akinywa anaharisha zaidi. Anasema kwa mapenzi, na kwa alichokiona kwa macho yake. Lakini kuna kitu macho hayawezi kukiona.

Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, mwanabiokemia wa Marekani Robert Crane alieleza namna sukari inavyovuka ukuta wa utumbo. Alionyesha kwamba glukosi hupita ikiwa imeandamana na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi. Viwili hivyo huingia kwenye seli kwa pamoja kupitia mlango mmoja, na vikipita, maji huvifuata. Kisha ikagundulika jambo kubwa zaidi: sumu ya kipindupindu haiharibu mlango huo. Seli zinamwaga maji, na bado mlango wa sukari na chumvi uko wazi, unasubiri. Ukimpa mgonjwa maji matupu, mengi yatapita tu. Ukimpa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo sahihi, yataingia, hata katikati ya kuhara kukali.

Mwaka 1968, kwenye maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash na wenzao walionyesha kwamba wagonjwa wakinywa maji hayo, haja ya dripu inapungua kwa asilimia 80. Wengi hawakuamini. Kisha ikaja vita ya mwaka 1971, mamilioni ya watu wakakimbia kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh kuingia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wodi imejaa, wagonjwa wamelala sakafuni, na dripu zinakaribia kwisha. Akaagiza chumvi na sukari zichanganywe kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wakachota vikombe na kuwanywesha watu wao. Mahali ambapo kati ya wagonjwa 100 walikuwa wakifa 20 hadi 30, vifo vilishuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba ugunduzi huo wa sukari na chumvi huenda ndio hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile. Mahalanabis alifariki mwaka 2022, na watu walioishi kwa sababu ya kazi yake na ya wenzake ni mamilioni.

Huko Bangladesh shirika la BRAC halikungoja pakiti za sukari na chumvi zifike kila kijiji. Katika miaka ya 1980 wanawake waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama kuchanganya wenyewe, na walifikia zaidi ya kaya milioni 12. Naitaja habari hiyo kwa sababu maarifa haya hayahitaji umeme wala chumba cha baridi.

Chukua kalamu, au mwambie aliye karibu akuandikie. Pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko huo uliopimwa tayari, ndiyo bora, ipo zahanati na duka la dawa. Changanya pakiti ya lita moja na lita moja kamili ya maji safi, usipunguze. Pakiti isipopatikana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi, maana ni hatari kwa mtoto. Usizidishe sukari, maana sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini na kuongeza kuhara. Ndiyo sababu soda haifai kuwa mbadala: sukari yake imezidi, chumvi yake ni kidogo mno. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa kidogo, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, taratibu. Mchanganyiko ukipitisha saa 24, mwaga, tengeneza mwingine.

Na usimnyime chakula. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula kidogo kidogo, kwa sababu zile seli zinazozaliwa kila siku zinajengwa kwa chakula anachokula sasa. Zahanati itampa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Mpe vyote hata kama kuhara kumekoma. Ukiona macho yamezama, analia bila machozi, ngozi ukiivuta inachelewa kurudi, hawezi kunywa, au choo kina damu, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali, ukimnywesha njiani.

Msikilizaji, mlango wa sukari na chumvi si pekee wenye masharti. Turudi kwenye sahani yetu. Maharage na mchicha vina madini ya chuma, ambayo mjamzito na mtoto wanayahitaji ili damu isipungue. Lakini chuma cha mimea huvuka kwa shida. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo, kuna kitu ndani yake kinachokamata chuma na kukizuia kuvuka, kwa sehemu kubwa. Vitamini C hufanya kinyume: hukifungulia njia. Kwa hiyo kamua ndimu kwenye maharage, kula chungwa, embe au papai pamoja na chakula, na chai isubiri saa moja au zaidi baada ya mlo. Maharage yaloweke usiku na yamwage yale maji, maana ndani ya nafaka na kunde kuna kitu kingine kinachofunga chuma na zinki, nacho hupungua kwa kulowekwa, kwa kuoteshwa na kwa kuchachushwa, kama tunavyofanya kwa togwa. Na yale mafuta kidogo kwenye mchicha si anasa: vitamini A ya mboga za majani huvuka ikiwa imebebwa na mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu unaiacha sehemu kubwa ya utajiri wake ipite.

Maziwa nayo yana sharti lake. Sukari ya maziwa inahitaji kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho watoto wachanga karibu wote wanacho na watu wazima wengi duniani hukipoteza. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, na ikaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa huku zina badiliko lao la kurithi linalowawezesha kuendelea kunywa maziwa utu uzima, tofauti na lile la Wazungu. Kwa asiye nalo, sehemu kubwa ya sukari hiyo ya maziwa haivuki. Inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachua, na mtu anavimbiwa au kuharisha. Huyo si mgonjwa. Ajaribu mtindi, ambao sehemu ya sukari yake imeshatumiwa na bakteria.

Utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu, unakusanya maji yaliyobaki na kuwalisha matrilioni ya bakteria wanaoishi humo. Chakula chao ni yale makapi ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuyakata: maganda ya maharage, nyuzi za mboga, pumba za dona. Kutokana na makapi hayo bakteria hutengeneza asidi ambazo seli za utumbo mpana huzitumia kama nishati yao. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 tangu 1946, aliona kwamba wanavijiji waliokula vyakula vyenye makapi mengi hawakuwa wakiugua kwa wingi magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaza hospitali za Ulaya. Leo miji yetu inahama kutoka dona kwenda sembe, na kutoka maharage kwenda chipsi. Ni vizuri tujue tunachokiacha.

Sasa niseme neno la mwisho kuhusu watoto wa nyanda za mavuno. Wataalamu wamechunguza utumbo wa watoto na watu wazima wanaoishi mahali penye kinyesi cha watu na wanyama, na wamekuta vile vijidole vimekuwa vifupi na butu, na ukuta umevimba. Mtu huyo haharishi, haonekani mgonjwa, lakini milango yake imepungua. Mtoto anayetambaa kwenye uwanja wanakokunya kuku, anayetia mikono mdomoni kutwa, anaweza kuwa anapambana na vijidudu kila siku bila dalili yoyote, na sehemu ya chakula chake inapotelea humo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Kenya na Zimbabwe, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018 na 2019, yalionyesha kwamba kumjengea mtu choo bora na kumpa chombo cha kunawia peke yake hakukutosha kuongeza urefu wa watoto. Nionavyo mimi, jibu lake si kuacha vyoo. Ni kufanya zaidi ya hapo. Kuku wawe na banda lao na mtoto awe na mkeka wake. Choo kiwe cha kijiji kizima, maana nzi wa jirani hajui mpaka wa uwanja. Maji yawe ya kutosha kunawa, si ya kunywa tu.

Kwa hiyo namwomba kila mwenyekiti wa kijiji, kila diwani, kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayenisikia: mkutano ukiitishwa kujadili mbolea, mbegu na bei ya mahindi, kisima na choo viwe kwenye ajenda hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Ni suala moja. Gunia lililovunwa kwa jasho halijamfikia mtoto mpaka livuke ukuta wa utumbo wake, na ukuta huo unalindwa na maji safi, mikono safi, mlo mchanganyiko, na mzazi anayejua kuchanganya sukari na chumvi. Na wewe mzazi, usiku huu mfundishe mtoto wako mkubwa kile kipimo: lita moja, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Siku mdogo wake akiugua nawe uko shambani, atajua la kufanya.